Ukipewa Daftari la Matanga

Simu italia usiku. Mtu wa ukoo ameaga, mwili umepelekwa mochari, na kikao cha kwanza kimekwisha bila wewe. Ungali unatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda wakati kundi la WhatsApp linafunguliwa, picha ya marehemu inawekwa, na chini ya picha nambari ya kutuma mchango. Unaisoma mara mbili. Ni nambari yako. Umekuwa mweka hazina.

Mwongozo huu ni wa wiki hiyo. Nauandika Kosele, si mbali na Oyugis, mahali ambapo mtu mzima asipohama lazima siku moja apewe daftari la matanga. Sitakufundisha kujumlisha. Nitakuazimia mwalimu ambaye hakuwahi kuonja omena: Aristotle, aliyezaliwa Stagira kaskazini mwa Ugiriki mwaka 384 KK, mwana wa daktari wa mfalme, akakaa kwa Plato miaka ipatayo 20, akafa mwaka 322 KK. Kitabu chake kikuu cha maadili kina sehemu 10 na kinabeba jina la Nicomachus, ambalo lilikuwa jina la babake na la mwanawe pia. Vyuoni kinasomwa kwa ajili ya mtihani. Mimi nimeona kinasomeka vizuri zaidi chini ya hema la matanga, kwa sababu karibu kila anachokieleza humo, pesa, hasira, aibu, urafiki, mashauri ya wazee, hukutana mahali pamoja siku tunapozika.

Anza na simu. Kama una deni la Fuliza, mkopo wa simu, mchango wa kwanza utalipa deni lako kabla hujamaliza kusoma ujumbe, nawe utakuwa umekula pesa ya maiti bila hata kunyoosha mkono. Usije ukasema hukujua. Aristotle anakubali kwamba anayekosea kwa kutojua husamehewa, lakini si yule aliyeacha kujua jambo lililokuwa jepesi kulijua. Mfano wake ni mlevi: kosa lake lilianza pale alipoinua kikombe. Basi tafuta laini nyingine isiyo na deni, na katibu aone salio lake kila jioni. Nunua daftari lenye jalada gumu. Andika kila mchango kwa jina, kiasi na saa, hata kama ni shilingi 50 za mama muuza mboga. Hasa kama ni shilingi 50 za mama muuza mboga. Ukarimu, kwa hesabu ya Mgiriki huyu, hupimwa kwa hali ya mtoaji, na mwenye kutoa kidogo kutoka katika kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko aliyetoa kingi. Siku ya kusoma majina, yasome kwa mfuatano yalivyoingia. Ukianza na mheshimiwa na kumalizia na mama mboga, umeshawaambia watu unampima nani kwa nini.

Walipokutaja kikaoni mtu mmoja alisema, "Huyo hali pesa ya watu." Mwingine akaongeza, "Na ana kichwa." Kwa maneno hayo mawili wazee walifika pale Aristotle alipotumia kurasa nyingi kufika. Aligawa fadhila za binadamu mafungu mawili. Fungu moja ni fadhila za tabia: ujasiri, kiasi, ukarimu, upole, ukweli, haki na nyinginezo. La pili ni fadhila za akili: ufundi, elimu ya yakini, utambuzi wa misingi, hekima, busara. Hizi za akili huja zaidi kwa kufundishwa, nazo hudai muda na uzoefu. Zile za tabia huja kwa mazoea, na Kigiriki chenyewe kinashuhudia, maana neno lao la tabia na neno lao la mazoea yanatofautiana kwa urefu wa irabu tu.

Sisi tuna methali inayompinga: tabia haina dawa. Nimeisikia ikisemwa juu ya waweka hazina watatu, na kwa wote ilikuwa haki yao. Lakini methali hiyo inamsema mtu aliyekwisha komaa, na hata Aristotle angekubali kwamba huyo hawezi kuamka asubuhi moja akaamua kuwa mwema, akawa. Anachoshikilia ni kwamba hatukuzaliwa hivyo. Jiwe ukilirusha juu mara 10,000 halitazoea kupanda, mtu huzoea. Tunakuwa waashi kwa kujenga, tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, kwenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Aliyezipanga hakupewa kitabu. Alipanga jiwe, likaanguka, akaligeuza, akalipanga tena, hadi mkono ukajua wenyewe. Nawe ukiandika shilingi 200 za nauli ya boda usiku wa kwanza, umepanga jiwe. Ukisema utaandika kesho, umelipanga vilevile, ila ukuta ni mwingine.

Siku ya pili kamati itataka kugawa mzigo: kila nyumba shilingi 2,000. Watasema ni haki kwa sababu ni sawa. Hapo waambie habari za Milo, mpiga mieleka wa Croton. Kama chakula cha ratili 10 ni kingi na cha ratili 2 ni kidogo, anasema Aristotle, mwalimu wa mazoezi haagizi ratili 6 kwa kila mtu. Sita ni chache kwa Milo na nyingi kwa anayeanza leo. Kiasi anachokisifu hakipatikani kwa kugawa mbili. Watu wengi wanaomtaja humfanya mhubiri wa vuguvugu, wa kukaa katikati ya kila kitu, na hawajamsoma. Mwalimu wa sekondari na mwendesha boda aliyekodi pikipiki hawawezi kuwa na katikati moja. Kaa na mzee anayezijua nyumba, mzipite moja moja, mwandike kinachowezekana.

Kabla hujaanza kuwapima wengine, jipime wewe umepinda upande gani. Wapo wanaobana, wakaombwa sukari ya chai ya walioketi usiku na kutoa nusu kilo kwa watu 40. Wapo wanaoachilia, kila anayekuja na uso wa huzuni anaondoka na noti. Ushauri wa Aristotle ni wa seremala: ubao uliopinda hunyooshwa kwa kuuvuta upande wa pili, zaidi ya pale unapotaka usimame. Mbanaji ajilazimishe kutoa hadi aone vibaya. Mwachiliaji asikae na fedha taslimu mfukoni kabisa.

Mimi ni wa upande wa pili, na kwangu sababu haikuwa huruma. Miaka kadhaa iliyopita daftari lilikuwa langu. Nilinunua jeneza lenye dirisha la kioo na vishikio vya kung'aa, kwa bei ambayo bado sipendi kuitaja, kwa kuwa niliyaogopa maneno ya watu wa upande wa mama. Walifika, wakatazama, hawakusema kitu. Nikalala nimeridhika. Muhula uliofuata kijana wa marehemu alirudishwa nyumbani kwa karo. Jeneza lile lilionekana kwa saa 3. Karo ilikuwa ya miezi 3.

Nilipokuja kusoma sehemu ya nne ya kitabu kile nilijikuta humo. Aristotle anayo fadhila maalumu ya matumizi makubwa, ya mtu anayejua kutumia fedha nyingi inavyopasa, kwa mfano kuigharimia meli ya vita ya mji au maigizo ya sikukuu. Kinyume chake kwa upande wa kuzidisha ni mtu wa makuu, ambaye huwaalika wenzake wa chama chakula cha kawaida kikageuka karamu ya arusi. Hutumia kidogo penye kudai kingi, na kingi penye kudai kidogo. Sikuwa mkarimu siku ile. Nilikuwa mwoga, na woga ulivaa nguo za ukarimu. Ndiyo sababu sikubali wanaofundisha fadhila kama orodha ya ubaoni, ujasiri hapa, ukarimu pale. Kasoro ya moja hutokea dirishani mwa nyingine. Unapotaka kununua kitu cha bei ya juu, jiulize unamwogopa nani. Kama jina linakuja haraka, usinunue.

Naye mwenyewe alizikwaje? Wosia wake umehifadhiwa katika kitabu cha Diogenes Laertius. Alifia Chalcis, baada ya kuondoka Athens mwaka mmoja kabla. Hakuagiza jeneza. Alimweka Antipater, jemadari wa Makedonia, kusimamia mambo yake, akapanga matunzo ya watoto na ya Herpyllis, aliyeishi naye mwishoni, na kuhusu kaburi akasema jambo moja: popote watakapomzika, mifupa ya mkewe Pythias iwekwe papo hapo, kama Pythias mwenyewe alivyokuwa ameagiza. Naipenda sana sentensi hiyo. Mtu aliyeandika juu ya nyota, samaki na katiba za miji, neno lake juu ya maziko ni kukumbuka mwingine alitaka nini.

Mkenya hawezi kusoma hayo bila kumkumbuka wakili S.M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia huko Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari zaidi ya miezi 5 wakati mahakama ikisikiliza, hadi Mahakama ya Rufani ilipoamua, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mmoja wa waliotoa ushahidi upande wa ukoo alikuwa mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka. Nitamrudia. Kwa sasa chukua funzo la kazi yako: siku ile ile ya kwanza, kabla ya kulipia chochote, muulize mjane au mgane, akiwa ameketi na si mbele ya umati, kama marehemu aliacha neno. Uliza na watoto. Andika majibu katika ukurasa wa mwisho wa daftari.

Siku ya nne atafika ndugu wa marehemu kutoka Nairobi. Atashuka garini akiwa bado kwenye simu, atasalimia wazee, kisha atakugeukia: "Omera, hizi pesa zimeenda wapi? Mimi peke yangu nimetuma elfu kumi." Watu watanyamaza wasikie. Kukasirika ni rahisi, kila mtu anaweza. Kumkasirikia anayestahili, kwa kadiri inayofaa, kwa wakati wake, kwa sababu ya haki na kwa namna iliyo nzuri, hilo si la kila mtu. Aristotle hakatazi hasira. Asiyekasirika pale inapobidi anamwita mpumbavu. Ila anatenganisha wenye hasira za karibu, zinazowaka na kuzimika, na wale wachungu, wanaoiweka moyoni na kuichochea kimya, ambao ni mzigo kwao wenyewe na kwa rafiki zao wa karibu. Kwetu hawa wa pili ndio wanaovunja koo. Jibu lako liwe fupi. "Karibu kiti, ndugu yangu. Daftari hili hapa, jina lako ni ukurasa wa pili, mstari wa nne." Mpe asome mwenyewe, tena mbele ya wale wale waliomsikia. Ukiona mikono yake inatetemeka, mshikie daftari.

Sasa tufike kwenye akili, maana wema peke yake ni hatari. Aristotle anasema mwenye mwelekeo mwema asiyekuwa na akili ni kama mwili wenye nguvu usioona: ukijikwaa, unaanguka kwa kishindo. Nimewaona. Mtu safi kabisa, asiyeiba hata senti, akaagiza mkate wa watu 500 siku mbili kabla ya maziko.

Fadhila nne kati ya tano za akili hazitatuchelewesha. Ufundi ni wa kutengeneza kitu. Wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, kule kwa jirani zetu Wakisii, wanao tele. Elimu ya yakini ni ya mambo yasiyobadilika, kama hesabu. Utambuzi wa misingi ni kuona pale ambapo hoja zote zinaanzia. Hekima, kwa maana yake ya juu, huunganisha hizo mbili na kutazama mambo makuu ya ulimwengu. Kamati ya matanga inaweza kumaliza kazi bila mtu wa hekima ya namna hiyo. Thales na Anaxagoras walikuwa nayo, na watu wa zama zao waliwasema kwamba wanajua mambo ya ajabu, magumu, ya kimungu, na hawajui yanayowafaa wenyewe.

Unayoihitaji wewe ni busara, ile waliyoiita fronesisi: kujua la kufanya hapa, leo, na watu hawa. Mfano aliompa mwenye busara ni Pericles, kiongozi wa Athens. Mfano wa kazi yenyewe ni wa jikoni. Aliyejifunza kwamba nyama nyepesi hufaa mgonjwa, asijue nyama ipi ni nyepesi, hataponya mtu. Atakayeponya ni yule anayejua tu kwamba kuku anafaa. (Kwa mfano huo angepokelewa vizuri sana huku kwetu.) Kwa hiyo bajeti ya chakula usimpe mwenye shahada kwa sababu ya shahada. Mpe mama aliyewahi kupikia watu 300 kwa kuni mbichi na mvua inanyesha. Atakuambia mambo ambayo hayako katika hesabu: kwamba unga utaisha kabla ya nyama, kwamba waimbaji wa kwaya hula mara mbili, na kwamba kama familia ni ya Kiadventista kila kitu kinunuliwe Ijumaa kabla jua halijatua, maana Sabato hakuna kununua wala kulipa. Kanisa hilo liko Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu mwaka 1906. Asiyepanga kulingana nalo si mgeni tu, ni mzembe.

Vijana hawapendi ninaposema hivi, lakini Aristotle yuko upande wangu. Kijana anaweza kuwa bingwa wa hesabu, asema, lakini mwenye busara bado, kwa kuwa busara hushughulika na jambo moja moja, na hilo hulijui mpaka uishi. Anashauri kusikiliza maneno ya wazee na wazoefu hata wasipoweza kuyathibitisha, kwa sababu uzoefu umewapa jicho.

Ila si kila mzee. Hapa namrudia Odera Oruka. Alizaliwa mwaka 1944, akasoma Uppsala huko Sweden na Wayne State huko Marekani, akarudi kufundisha Nairobi, na kuanzia miaka ya 1970 akawa anaenda kwa wazee vijijini na kinasa sauti, kujibu madai kwamba Afrika ina mila tu na haina wanafalsafa. Mazungumzo hayo aliyatoa kitabuni mwaka 1990, Sage Philosophy, miaka 5 kabla ya kufariki. Humo anatofautisha mzee anayezijua mila zote akazirudia kama alivyozipokea, na mzee anayezijua, akaziuliza, akatoa hukumu yake. Na mwenye hekima wa kweli, kwa maoni yake, ana mambo mawili: anaona ndani, na anakitumia anachokiona kwa faida ya watu wake. Wanafalsafa wengi wa chuoni, alisema, wanalo la kwanza na wamekosa la pili. Yaani fadhila za akili na fadhila za tabia katika kiti kimoja. Dholuo, lugha yetu, ina neno japaro kwa mtu wa kufikiri. Ina pia rieko, neno linalotaka tahadhari, kwa kuwa linabeba akili, hekima na ujanja kwa pamoja. Aristotle angetikisa kichwa kukubali: werevu, anasema, ni uwezo wa kufikia lengo lolote, lengo likiwa jema tunausifu, likiwa baya ni hila tupu. Waswahili walishasema akili nyingi huondoa maarifa. Katika kamati mwerevu wa aina hiyo utamjua kwa kuwa ana mtu. Ana mtu wa hema, ana mtu wa viti, ana mtu wa gari la maiti, na wote hawatoi risiti.

Miongoni mwa waliohojiwa na Oruka alikuwa Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa ker, yaani kiongozi mkuu, wa Luo Union, chama cha Wajaluo. Alipoulizwa juu ya ujamaa wa zamani hakuwapamba mababu. Alikataa dhana kwamba watu walichanganya mali ikawa ya wote. Mwenye ng'ombe, alieleza, aliwagawia wasiokuwa nao wawatunze, bila kuwapa moja kwa moja. Nao waliowatunza walipata maziwa ya kunywa. Wema ulikuwa na utaratibu, ukawa na kurudishiana. Soma hilo kabla hujaandika ujumbe wa kuomba mchango. Usiwaaibishe waliochelewa, usiweke orodha ya wasiotoa. Anayekosa leo atabeba maji, atachimba kaburi, atalala kwenye baridi akilinda viti. Hayo nayo yaandikwe daftarini. Mimi huyawekea safu yake.

Siku moja kabla ya maziko kutatokea jambo ambalo katiba ya chama chenu cha kusaidiana haikuliona. Sheria inasema mwanachama aliyeacha kulipa miezi 3 hapati msaada. Na aliyefiwa ni kijana aliyeacha kulipa miezi 4, kwa sababu kila alichopata kilienda kwa dawa za mama yake, ambaye ndiye mnayemzika. Wengine watasema sheria ni sheria. Wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, anasimulia Aristotle, walipimia kwa rula ya risasi, madini laini, ambayo haikai ngumu bali hufuata umbo la jiwe. Uadilifu wa aina hiyo hauvunji haki. Unaitengeneza pale sheria iliponena kwa ujumla na jambo likaja na umbo lake. Nami naongeza sharti ambalo yeye hakulitaja, kwa kuwa najua vyama vyetu: rula ikunjwe mchana, mbele ya watu, iandikwe katika kumbukumbu za kikao, na ikunjwe vilevile kwa mtu mwingine asiye shemeji wa mwenyekiti. Bila hivyo ni upendeleo uliosoma falsafa.

Kuna mahali simfuati kabisa. Katika kitabu chake cha siasa aliandika kwamba mwanamke anao uwezo wa kushauri lakini hauna mamlaka, na kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Mtu aliyesisitiza uzoefu kiasi kile hakutazama uzoefu uliokuwa nyumbani mwake. Huku kwetu watoto walipewa elimu yao ya kwanza usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, kwa visa, vitendawili na makaripio. Kwa hiyo waliozaliwa kabla ya redio walifundishwa busara na mwanamke kabla hawajaruhusiwa kuketi na wazee wa kiume kwenye duol, kibanda chao cha mazungumzo. Hata leo, wiki ya matanga, wanaume hukaa kujadili gharama na wanawake ndio wanaozijua. Kati ya watu wawili wanaoidhinisha malipo, mmoja awe mwanamke, na asiwe wa kupiga muhuri tu.

Siku ya maziko yenyewe hutakuwa na nafasi ya kufikiri. Utaitwa na mwenye jenereta, na mwenye hema, na kijana anayedai soda za wachimba kaburi. Kila ulichozoea wiki hiyo kitafanya kazi badala yako, kizuri au kibaya. Lipa kwa simu panapowezekana ili ushahidi ubaki. Mheshimiwa akifika na bahasha, ihesabiwe palepale na mtu wa pili, iandikwe kwa jina lake kama ya mama mboga ilivyoandikwa.

Watu wakianza kuondoka, usiwaache waondoke wote. Omba dakika 10 kabla hema halijashushwa, simama, soma: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Usieleze sana. Akiuliza mtu, mwonyeshe mstari. Kilichobaki mkabidhi mjane mkononi mwake, mbele ya mashahidi wawili, jioni hiyo hiyo, na aweke sahihi au dole gumba katika ukurasa wa mwisho. Kisha mpe na daftari.